Moshi Wetu Wenyewe

Mama alitazama bomba kabla ya kutazama mbingu.
Moshi ukielekea Ziwa Superia, alitoa kapu la nguo;
ukielekea kwetu, alirudisha vibanio mfukoni,
akasema, "Leo mji unafua kwa masizi,"
na mashuka yakakaukia jikoni, juu ya vichwa vyetu.

Hatukuwa na kampuni ya mbali ya kuilaani.
Mtambo ulikuwa wetu. Babu zetu waliupigia kura
mwaka ule theluji ilipozika milango,
wakachangishana, wakaujenga kwa matofali mekundu,
wakachonga juu ya lango: MALI YA WAKAZI.
Herufi ya mwisho imeinama. Hakuna aliyeinyoosha.

Baba, Reino Kallunki, zamu ya usiku,
miaka thelathini na minne.
Januari makaa yaligandiana ndani ya mabehewa
kama ndugu waliogombea shamba;
waliyagonga kwa nyundo, wakayapulizia mvuke,
mpaka yakaachana.
Alirudi alfajiri na duara mbili nyeupe machoni,
akanawa mara tatu, na bado mto wake
ulibaki na kivuli cha kichwa.

Nilijivunia. Nani mwingine darasani
alikuwa na baba anayewasha taa za barabarani?
Maji ya moto yaliyobaki yalipitishwa chini ya vijia vya mjini,
theluji ikafa ikitua,
na Bi Verna Oja, mjane wa miaka tisini,
alikwenda posta mwezi wa pili
kwa viatu vya kanisani, bila mkongojo.
Aliyeshindwa kulipa bili hakukatiwa:
karani alikuwa shemeji yake,
au shemeji wa shemeji yake.

Ila kwenye dirisha la muuguzi wa shule
inhela za pumu zilipangwa, kila moja na jina.
Nilizihesabu: kumi na moja, darasa la watoto ishirini na watatu.
Ya kaka yangu Arvo ya nne kutoka kushoto.
Tungemshtaki nani?
Mchuma janga hula na wa kwao;
sisi tulichuma mwanga, tukala vilevile.

Jioni hii madiwani saba, kiti changu cha mwisho.
Tatu kwa tatu lilipofika jina langu.
Baba safu ya tatu, kofia juu ya goti,
pumzi yake inasikika mpaka mbele,
kama vali isiyofunga vizuri.
Wiki nzima hakunishauri neno.
Aliuliza tu, akimenya kiazi:
"Na vijia? Nani atayeyusha?"
Mhandisi ana jibu, ukurasa wa kumi na tisa,
lina tarakimu nyingi na halina Bi Verna.

Nikasema: ufungwe.
Hakuna aliyepiga makofi. Mtu alikohoa,
sikugeuka kuona ni nani.

Nje, theluji ilikuwa ikishuka na kupotea miguuni petu.
Baba alisimama mbele ya duka la vifaa,
akavua glavu, akapiga goti moja, taratibu, kwa shida,
akaweka kiganja kwenye saruji iliyolowa
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
Nilisubiri aseme jambo kuhusu kura yangu.

"Bado," akasema.
Akanipa mkono nimwinue.