Dakika za Kurudi

Kazi yangu ni saa.
Si ile ya ukutani yenye nembo ya kampuni ya dawa,
ni hii ya kubonyeza,
inayoning'inia kifuani kama filimbi ya refa.
Daktari Sugawara huingia haraka; hilo halipimwi.
Mpira ukifika mwisho wa utumbo mpana,
pale penye kijitundu cha kidole tumbo,
husema "Tayari," nami nabonyeza.
Kwenda ni kupita tu.
Kuona ni kurudi.

Ndilo swali la utafiti wetu
hapa Yokote, theluji imeziba madirisha ya chini:
anayerudi polepole huona nini
ambacho mwenye haraka amekiacha nyuma?
Wagonjwa elfu moja mia mbili na kumi,
kila mmoja mstari mmoja katika daftari langu:
umri, dakika, sekunde, vinyama vilivyopatikana.
Majina hayamo. Lakini mji ni mdogo.

Nambari 417 ni Iwao Kudo,
mkulima wa matufaha, miaka sitini na minane.
Alikunywa lita mbili za dawa ya kusafisha,
akasema ina ladha ya bahari
iliyokamuliwa limau na mtu mwenye kinyongo.
Usiku kucha mbio za chooni,
alfajiri akaendesha gari juu ya barafu, amejibana.
Hayo alinisimulia akicheka,
kisha akaona haya, akatazama soksi zake.
Mkewe ndiye aliyemsukuma:
"Tufaha unalipasua kuona kama lina funza.
Wewe, nani atakupasua?"

Saa tisa kasoro robo, alasiri, mgonjwa wa kumi na moja.
Alasiri macho huota utando; hata hilo tunalipima.
"Tayari."
Skrini ikawa pango la waridi,
kuta zikimeremeta kama ndani ya kombe,
vimishipa, mito isiyo na majina.
Mkunjo, mkunjo, povu, mkunjo.
Mpira ukatoka.
Dakika nne, sekunde kumi na moja.
Utaratibu unasema sita, si chini ya hapo.

Daktari akavua glavu bila kunitazama.
"Andika sita, Fumiyo."

Si mtu mbaya, nataka hilo lijulikane.
Ana binti wa kuchukua shuleni kabla barabara haijafungwa,
ana mgongo ulioharibika kwa kuinamia watu.
Na sita ni tarakimu ya kirafiki, ina kitumbo.
Nne ina kona.
Mficha maradhi, tunajua, kifo humuumbua.
Mficha dakika je, humuumbua nani?

Nikaandika nne, kumi na moja.
Hatukusemezana hadi Ijumaa.

Walio chini ya sita huitwa tena.
Aprili Kudo akarudi, akailaani ile dawa upya
kwa maneno ambayo daftari halina safu yake.
Safari hii daktari alirudi kama mtu
aliyeangusha pete ndani ya nyumba ya wenyewe.
Dakika ya tano, upande wa kulia, nyuma ya mkunjo:
kitu bapa, rangi ileile ya ukuta,
kama uji uliokaukia kwenye bakuli.
Akanyunyizia rangi ya buluu.
Kingo zikajitokeza.
"Tulia hapo," alisema,
nadhani aliuambia mkono wake mwenyewe.

Akakikata. Nikakitia chupani.
Maabara ilileta sentensi ndefu yenye Kilatini;
maana yake yote ilikuwa neno moja:
bado.
Bado haijawa saratani.
Sugawara aliisoma mara mbili akiwa amesimama,
akaniomba kalamu, akaondoka nayo.

Novemba lilikuja boksi la matufaha, halina barua.
Siku hiyohiyo mtakwimu wa Sendai akapiga simu:
nambari 417 imeingia mara mbili,
na moja ina dakika za aibu.
Nifute ipi?

Mdomo ulikuwa umejaa.
Nikamwomba asubiri nimeze.