Dakika Arobaini, Njia ya Too-Ashuu

Mshale ulianza kupanda kabla ya kona ya tisa.
Niliuona. Nilinyamaza,
kwa kuwa mgomvi hakatizi neno lake kwa ajili ya geji.
Joomart alisema nyumba ya Bishkek iuzwe,
mimi nikasema kaburi la baba halijaota hata nyasi,
na nyuma yetu madebe kumi na mawili ya asali ya Toktogul
yakigongana polepole kama mashahidi wasiotaka kuulizwa.

Kisha harufu: tamu, sukari iliyoungulia sufuriani.
"Washa hita," nikasema.
"Hita? Julai hii?"
"Hadi mwisho. Teremsha vioo."
Joto la injini likahamia mapajani mwetu,
mshale ukasita, ukarudi unywele mmoja,
ukatufikisha pale barabara inapopanuka
kando ya kontena la bluu la mama muuza kurut.
Nikazima. Nikatia jiwe nyuma ya gurudumu.

Yeye alikwishafungua boneti,
alikwishajiviringa tambara kiganjani,
alikwishanyoosha mkono kwenye kifuniko.
Nilimshika kifundo. Sikusema kitu.
Nilimgusa tu pale ambapo baba,
Temirkul wa haraka zake,
alikuwa na ngozi ya waridi iliyokunjamana hadi kiwiko
tangu kiangazi kile alipofungua kifuniko cha moto
ili awahi harusi ya watu wengine.
Joomart akautazama mkono wake mzima,
akautia mfukoni.

Tukangoja.
Maji ya rejeta hayana adabu ya birika.
Yakibanwa huvumilia, hupita kipimo chao
bila kutoa hata kiputo kimoja;
wafungulie mlango ghafla,
ndipo yanapokumbuka yote kwa mpigo.
Na huku juu, mita elfu tatu na ushei,
hata chai huchemka kabla haijawa moto wa maana.

Dakika kumi. Nikabonyeza mpira wa juu kwa tambara: mgumu.
Ishirini: bado.
Mama wa kurut akatuletea bakuli mbili za chai, akaitazama Audi,
akasema mumewe alikuwa na moja, rangi hiyohiyo,
akaondoka bila kumaliza hadithi.

"Ni mimi," nikasema.
"Nini?"
"Aprili kitanki kilikuwa chini ya mstari.
Kipozeshi kilikuwa ghali, nikajaza maji ya bomba.
Kisha nikaona doa la kijani pale kwenye karakana,
nikalimwagia mchanga mbwa asilambe, maana ni tamu na huua.
Sikutafuta lilikotoka."

Alikunywa chai yake hadi majani.
"Mimi nilisikia mkanda ukilia tangu wiki ya mazishi," akasema.
"Nikaongeza sauti ya redio."

Dakika ya arobaini mpira ukawa laini kama sikio la ndama.
Robo zamu ya kifuniko. Sss.
Tukasubiri sauti ile iishe yenyewe.
Kijito kilipita hatua tano kutoka hapo, baridi ya theluji,
kizuri kwa kunywa; kwa chuma chenye joto ni shoka.
Tukaomba maji ya uvuguvugu, tukayamimina kidogo kidogo,
injini ikinguruma taratibu,
viputo vikipanda kimoja kimoja hadi vikakoma.
Bangili ya mpira ilikuwa imelegea, ndiyo tu.
Joomart aliikaza kwa bisibisi ya baba,
ile yenye mpini uliofungwa gundi ya umeme.

Baada ya handaki tulishuka kwa gia ndogo.
Mjini nitamwaga haya yote ndani ya beseni, si mtaroni,
nitie mapya, nusu kipozeshi, nusu maji ya betri,
na mkanda mpya, na themostati pia, mradi nimeanza.

Nyumba haikutajwa hadi Kara-Balta.
Hapo akauliza, macho yake kwenye mshale,
"Tungoje hata mwaka uishe?"
Mshale ulikuwa katikati.
Nikasema tungoje.