Sumaku ya Redio

Mimi ndiye msagaji wa Namatala.
Mashine yangu ni ya dizeli, hukohoa kabla haijaamka,
na majani ya mlonge ya mji huu wa Mbale
karibu yote hupita kooni mwake.
Wauza virutubisho wawili ninawajua
kwa mizigo yao, kabla ya salamu.

Kuloba huja Jumanne, tai shingoni,
magunia mawili na haraka.
Unga wake huingia kopo jeupe lenye kibandiko
kinachong'aa ukikigeuza, mara kijani, mara zambarau,
na chini ya mfuniko karatasi iliyokunjwa mara nne:
cheti cha maabara, Kampala, muhuri, sahihi.
Risasi: hakuna. Ukungu: hakuna. Mchanga: hakuna.
Wateja hukisoma kama barua ya mtoto aliye mbali,
wakitikisa kichwa, bila swali.

Khainza hana cheti.
Ana kitambaa cheupe
na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio ya marehemu mumewe,
redio iliyokufa ikitangaza bei ya kahawa.
Mteja akija, humwaga unga kitambaani,
huipitisha sumaku polepole,
kama mtu anayetafuta sindano kitandani mwa mtoto,
kisha huigeuza.
Ndevu.
Ndevu nyeusi, fupi, zimesimama wima.

Siku ya kwanza aliponiletea hakufoka.
Alizifuta kwenye kiganja changu, akasema,
"Wabomba, hizi ni zako."
Nikaifungua mashine. Sahani zilikuwa zimelika
kama meno ya ng'ombe mzee.
Miaka sita nimewalisha watu mashine yangu
chembe kwa chembe,
na ujira wa kusaga nikipokea.

Ubao wa Kuloba, barabara ya Kumi, umeandikwa:
INA CHUMA KULIKO MCHICHA.
Nilicheka peke yangu hadi mkanda ukanikumbusha vidole.
Hajadanganya. Chuma kipo.

Hata cheti chake si cha uongo,
na hilo ndilo linaloninyima usingizi.
Kile kijiko kilichopanda basi kwenda Kampala
hakikupita kwangu.
Mama yake alikitwanga uani, kwa kinu cha mti,
majani kayachambua moja moja,
mikono kainawa hadi viwikoni.
Nilikuwepo; nilikuwa nimekwenda kudai deni.
Unga ule ulikuwa safi, naapa.
Wakaupima, wakauchoma, ukaisha.
Hakuna kinywa duniani kitakachouonja.

Juzi mwanamke mmoja, mja mzito, toka Nkoma,
alisimama mezani pa Khainza, akaziona ndevu.
"Mwenzako hana vitu hivi."
"Mwenzangu hana sumaku."
Akavuka barabara, kuelekea kule kunakong'aa.
Khainza hakumwita.
Aliurudia ule unga, mara tano, mara sita,
hadi sumaku ikatoka uchi,
ndipo akaufunga, bila mtu wa kumshuhudia
isipokuwa mimi, mwenye kosa.

Nimenunua sahani mpya, laki tatu na nusu, kwa mkopo.
Fundi kanionya: mpya nazo humwaga,
wiki za mwanzo hata kuliko kuukuu.
Basi nimefunga sumaku mdomoni mwa mashine,
na kila jioni naifuta ndani ya mkebe wa majani ya chai.

Kuloba kaiona Jumanne hii.
"Itoe hiyo, mzee. Itawatisha watu."
Sikujibu. Nilikuwa nikipima mkebe
kwenye mizani ya muuza dagaa:
gramu kumi na moja, kwa wiki moja tu.
Nimeandika ukutani kwa mkaa, na tarehe.
Mkono wangu si mzuri, muhuri sina.
Ila anayesubiri unga wake, akiinua macho,
ataisoma.