Sikio la Kushoto

Kiichi ameniundia kigari cha kumwaga mchanga
njiani hadi langoni, Februari hii ya Asahikawa,
nyonga yangu isivunjike mara ya pili.
Magurudumu manne, kopo la biskuti,
mota aliyoing'oa kwenye kikausha nywele cha mama yake
(mama yake hajui bado),
na dira ya umeme, ndogo kama ukucha.

Mota ikilala, dira ina adabu:
kaskazini ni kaskazini.
Mota ikiamka, kaskazini huhamia jikoni,
hurudi, huyumba kama mlevi,
kisha ubongo wa kigari huzimika, huwaka,
huanza tena kuhesabu toka sifuri
kama mtoto aliyeshtuliwa usingizini.

Wiki mbili aliilaumu dira.
Akanunua nyingine. Nayo ikalewa vilevile.

Jioni moja nimekaa kando yake, namenya chenza,
kifaa cha sikio langu la kushoto
nimekisahau kwenye mkao wa simu.
Akawasha.
Nyigu! Nyigu elfu kichwani mwangu.
Akazima: kimya. Akawasha: nyigu.
“Kiichi, dira yako haina kosa.
Inasikia ninachosikia.”

Akanikodolea macho. Nyumba hii
hunipigia ukelele ili nipitishe chumvi.
Sikio la kufa halisikii dawa;
langu lilisikia ugonjwa.

Miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye ubao wa simu,
naunganisha sauti za watu waliozibiwa njia na theluji.
Najua nyaya zikilala sambamba huibiana siri,
zikisokotwa kama nywele hunyamaza.
Nikamsokotea za mota, zamu kwa zamu.
Yeye akanionyesha brashi za kaboni ndani,
zinavyosugua shaba: kila msuguo cheche,
kila cheche kelele,
na kelele hupanda waya kama panya darini.

Tukalehemu kapasita tatu, ndogo kama mbegu za tikiti:
moja katikati ya miguu ya mota,
mbili toka kila mguu hadi bati la mwili wake,
bati tulilolikwangua kwa tupa
hadi risasi ikakubali kushika.
Betri ya mota peke yake. Ya ubongo peke yake.
Hasi zao zikutane mahali pamoja tu.
Dira tukaipandisha juu ya kijiti cha kulia wali,
mbali na fujo.

Akawasha.
Nyigu kumi. Labda kumi na wawili.
“Bado wapo?” akauliza kwa midomo.
“Wapo. Ila wamekaa.”
Kaskazini ikatikisika,
ikatulia penye kabati la viatu.

Asubuhi kigari kimetoka, kimemwaga,
kimekwama hatua nne kabla ya lango.
Hizo nne nimezitembea nimeshika bega la mjukuu.
Kifaa nimekiacha kwenye mkao wa simu,
safari hii kwa kusudi:
nyuma yangu, thelujini,
wale kumi wananivumia.