Ufunguo Ulioliwa na Mchwa

Kidato cha pili, Uvinza, tulikuwa na ramani moja,
na kona yake ya chini, penye ufunguo,
mchwa walishaimaliza.
"Basi tutaisoma hivyohivyo," akasema Mwalimu Ruhwanya.

Reli haikutusumbua: mstari mweusi wenye vijiti,
kama mshono kwenye goti la Bukuru.
Vishungi vya nyasi juu ya bluu, hicho kinamasi
cha Malagarasi, nani asiyekijua?
Na kontua zilizobanana tulizitambua kwa pumzi,
sisi tuliopanda kule na mihogo kichwani.

Ila mstari mmoja wa bluu ulikatikakatika.
"Wino uliwaishia," akasema Bukuru.
Darasa likacheka.
Mimi niliutazama tu,
maana ulipita nyuma ya kwetu,
na ndoo yangu inajua:
mwezi wa saba pale unachota mchanga.

"Ni mto unaokufa kiangazi."
Mwalimu akageuka, chaki mkononi.
"Rudia, Nyamweru."
Nikarudia. Sikujua kwamba najua jiografia.

Siku ya jaribio nikaongeza nukta moja kwa penseli
kando ya mto ule:
kisima walichochimba mama na wenzake
mwaka aliozaliwa mdogo wangu.
Ramani haikuwa nacho. Mpimaji alipita zamani,
pengine kwenye masika, akaona maji, akaenda zake.

Nikapata nne kwa tano.
Moja imekatwa, akaandika kwa wino mwekundu,
kwa kuchafua mali ya shule.

Nukta hakuifuta.