Kidonda cha Kumi na Moja

Lori la kokoto lilinitangulia nje ya Kassel,
nikasikia ta! ta-ta! kama bisi kikaangoni.
Gerejini nikawasha tochi: vidonda kumi na kimoja
kwenye boneti nyekundu uliyoipangusa, Detlef,
mara nyingi kuliko machozi yangu.

Kichupa cha rangi kilikuwa kwenye droo ya misumari,
mwandiko wako ubavuni: Tikisa kwanza. Usiwe na pupa.
Nikatikisa. Kwa ncha ya kijiti cha meno
tone, kungoja, tone tena.

Kumi nimeviziba.
Cha kumi na moja, chini ya taa ya kushoto,
kumbe ni kovu:
limepakwa zamani, kwa pupa,
limevimba kama chunjua.

Miaka ishirini hukuninong'oneza.
Nimecheka peke yangu
mpaka jirani akazima mashine yake ya majani.