Raba za Mwaka Jana

Daktari Oyarzo hakupandisha sauti.
Alisema: tembea, Eduvina, nusu saa kwa siku,
kana kwamba Punta Arenas ni mji wa kutembea,
kana kwamba upepo wa hapa haujawahi kumbeba mtu mzima
kutoka mlango wa benki hadi nguzo ya taa
ukamwacha pale amekumbatia chuma kama mchumba.

Basi jimu. Ile ya juu ya duka la rangi,
mwezi wa kwanza nusu bei.

Lakini miguu yangu, jamani,
miguu yangu inajua buti la mpira tu.
Miaka kumi na tisa kiwandani napanga kaa makoponi:
kaa mezani, kaa barafuni, kaa kwenye mizani,
kila mahali kaa, ila mimi
sijaambiwa kaa hata siku moja.

Nikaenda dukani jioni, makusudi, baada ya zamu,
miguu imeumuka kama donge la unga,
maana mguu wa asubuhi ni mwongo:
hukubali kila kiatu, ikifika saa kumi hukana.

Kijana wa duka, Nibaldo kwa kibandiko cha kifuani,
akaniletea kwanza la ajabu:
soli nene kama mkate, rangi ya moto,
peso laki moja na elfu themanini.
Nikapanda juu yake, nikayumba.
Hicho ni kiatu cha mtu anayefukuzana na saa.
Mimi nafukuzana na ngazi za ghorofa ya tatu.

Nikamwuliza: ile mashine ina mkanda unaobonyea, sivyo?
Ndiyo, mama.
Haina mawe? Haina tope?
Haina.
Basi meno haya ya chini ni ya kung'ata nini?

Akacheka. Akatazama mlango wa meneja,
akashusha sauti:
Mkanda wenyewe ni laini, usilipie ulaini mara mbili.
Na siku ukitaka kuinua vyuma, sponji nene itakuyumbisha.
Chukua soli ya kadiri, kisigino kisicholegea,
kitambaa kinachopumua,
maana humo ndani hakuna upepo.

Hakuna upepo!
Sikuwa nimelifikiria hilo.

Akaingia stoo. Nikasikia maboksi yakianguka.
Akarudi na za mwaka jana, kijani cha njegere za kopo,
boksi limebonyea kona, peso elfu ishirini na tisa.
Hazina kosa, akasema, ila kalenda.
Nikawaza: kosa hilo ninalo pia.

Mguu wangu wa kushoto ni mkubwa. Tukaufuata huo,
kama nyumba inavyomfuata anayelalamika zaidi.
Upana wa kidole gumba mbele ya kucha.
Nikazikunja: zikakunjika pale vidole vinapokunjika,
si katikati kama daftari.
Nikatembea hadi kwenye kioo na kurudi, mara nne,
mteja mwingine akinisubiri nimalize safari yangu.

Dada yangu Orfelina atasema rahisi ni ghali.
Zake, za laki na nusu, zi kabatini tangu Pasaka,
safi kama sahani za wageni.

Jumanne, saa moja usiku. Mashine ya dirishani.
Nje mtu anashika kofia kwa mikono miwili,
bahari imegeuka nyeupe yote.
Ndani, unywele wangu haujatikisika.
Dakika ya tisa goti la kulia likauliza swali.
Sikulijibu.
Dakika ya kumi na moja nikabonyeza chekundu.

Mita mia saba, kioo kikaandika.
Nikatazama chini: nilikuwa palepale,
na raba hazina hata vumbi.

Nikazifunga kamba kwa kamba, nikazitundika shingoni.
Nikavaa buti.
Nikashuka ngazi pole pole, nimeshika ukuta,
na mlangoni upepo ulikuwa umesimama, unanisubiri.